Shimo la Fahari

Ufalme wa Chumvini ulikuwepo, na anayebisha aje tubishane. Ulikuwa ufalme wa wanyama wachimbaji, akina Mhanga, Fuko, Nungunungu na wenzao, walioitoa chumvi chini ya ardhi katika Shimo Kuukuu na kuibadilisha kwa mtama na njugu za falme jirani. Juu yao alitawala Mfalme Nyegere, ambaye hakuwahi kuchimba hata mfereji wa maji ya mvua nyuma ya kasri lake.

Sheria ya Chumvini ilikuwa fupi. Kila msimu ukiisha, chumvi ilirundikwa uwanjani mafungu mawili. La kwanza liliitwa Pato: chumvi iliyotoka shimoni na kubaki baada ya wachimbaji kupata posho yao, na baada ya kununuliwa magogo ya kushikilia paa la shimo. La pili liliitwa Ujenzi: chumvi ya ghalani ambayo mfalme alitaka kuitumia kuchimba shimo jipya. Ujenzi ukizidi Pato, shimo jipya halichimbwi. Basi, hakuna cha hotuba. Wa kutamka marundo yamekaaje alikuwa Bi Kakakuona, Mtunza Marundo, mama mwenye miguu mibovu na ulimi usioogopa mtu.

Sasa mwaka huo mfalme alikuwa amepagawa na shimo lake jipya, Shimo la Fahari. Lilikuwa na lango refu la mawe na ngazi pana za kupitisha gwaride, ila chumvi halikuwa limetoa hata ya kuungia mboga. Ukiuliza litatoa lini, Waziri Kicheche anakujibu, "Karibuni." Magogo yote ya ufalme yalikwenda kushikilia lango hilo, na Shimo Kuukuu, lililowalisha wote, likaachwa na nguzo zilizooza.

Ndipo siku moja binti yake Kakakuona akarudi kutoka kazini magamba ya bega yamebonyea.

"Nini hicho, mwanangu?"

"Paa limenidondokea, mama. Kipande tu."

"Kipande tu! Ungekuwa na ngozi kama ya wenzio je?"

"Mwenzangu Fuko kimemvunja mguu." Binti akakaa chini taratibu. "Ukuta wa mashariki unalia, mama. Unausikia kabisa. Tukiingia msimu mwingine bila magogo mapya, hatutoki."

"Basi msiingie."

"Tule nini? Ngazi za mfalme?"

Kakakuona akainjika maji motoni. Alimkanda bega kwa hasira, ile hasira ya mzazi isiyokumbuka nani ni mkubwa na nani ni mdogo.

Kesho yake akaitwa barazani.

"Umeamkaje, Bi Mtunza?" akauliza Mfalme Nyegere.

"Nimeamka, Mtukufu. Wengine shimoni wameamka wamevunjika."

"Tumesikia, na tumesikitika. Lakini maendeleo yana machungu yake."

Waziri Kicheche akasogea mbele. "Siku ya Marundo imekaribia, Bi Mtunza. Utatamka kwamba Pato limezidi Ujenzi."

"Halijazidi, Mheshimiwa. Halifiki hata nusu yake."

"Litazidi. Ndugu yetu Fisi wa ng'ambo ya bonde ametukopesha chumvi. Tutaimwaga juu ya Pato."

"Mkopo umekuwa pato tangu lini?"

"Chumvi ni chumvi, mama."

"Na Fisi atalipwa nini?"

"Chumvi ya Fahari, itakapotoka."

"Na isipotoka?"

Wajumbe wa baraza wakaanza kutazama kucha zao. Mfalme ndiye aliyejibu, tena bila haya. "Isipotoka, atachukua Shimo Kuukuu. Nimekwisha kumwekea rehani."

Kakakuona akamkazia macho mfalme. Shimo walilochimba babu zake, lililomsomesha, lililokuwa linataka kumuua mwanawe, sasa limegawiwa Fisi kama kipande cha nyama!

"Binti yako yuko ukuta wa mashariki, sivyo?" mfalme akaendelea kwa sauti ya upole. "Ukitamka vizuri, tutampa kazi ya kupokea wageni langoni. Ukituaibisha, atabaki hukohuko, na wewe utamfuata."

"Nimesikia, Mtukufu," akasema Kakakuona, akainama, akatoka. Kicheche akapiga makofi. Alidhani kusikia ni kukubali.

Siku ya Marundo uwanja ulifurika. Pato lilikuwa limenenepa usiku kucha, refu kuliko Ujenzi, na Fisi alikaa kivulini karibu na mfalme, akitabasamu kwa meno yote. Hotuba zikaisha. Kakakuona akaitwa, akajikokota hadi mbele. Akamtafuta binti yake kwa macho katika umati. Akamwona, na woga wote ukamtoka.

"Jamani," akasema, "zamani, kabla Mtunza hajatamka, kila raia alikuwa na haki ya kulamba Pato. Mfalme akapiga marufuku, eti analinda afya zetu. Mimi leo sitamki kitu kabla hamjalamba."

"Nani amekuruhusu?" Kicheche akafoka. "Rudi nyuma!"

"Kibovu ni mguu, Mheshimiwa. Ulimi mzima."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Kisha Fuko mwenye mguu uliovunjika akachechemea mbele, akiegemea bega zima la binti Kakakuona. Akalamba chini ya rundo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akalamba juu. Uso ukamkunjamana.

"Ptuu! Magadi!"

Nungunungu akalamba, akatema. Mhanga akalamba, akatema kuelekea kwa Fisi. Kumbe chumvi ya ng'ambo ya bonde ni chungu, na kila mtoto wa Chumvini angeijua hata akiwa usingizini. Wasiojua walikuwa mfalme na waziri wake, waliozoea kuwekewa chumvi na wapishi.

"Toeni ya Fisi!" umati ukapiga kelele. Wakakwangua magadi yote kwa makucha. Pato lililobaki lilifika magotini mwa Mhanga.

"Tamka ninavyokuamuru, mwanamke!" akanguruma Nyegere.

"Natamka ninavyoona. Pato ndilo hili, mnaliona. Ujenzi ni ule mlima pale. Shimo la Fahari halichimbwi tena! Na Shimo Kuukuu, jamani, ameliweka rehani kwa yule aliyekaa kivulini."

Mayowe yakapanda. "Mkamateni!" mfalme akawaamuru walinzi. "Mtupeni ukuta wa mashariki!"

"Msisumbuke," akasema binti Kakakuona. "Huko tunakwenda wenyewe. Ila tunapitia kwanza langoni kwenu, kuchukua magogo."

Walinzi walikuwa na kaka na dada zao shimoni. Wakapisha njia, na wawili wakatupa mikuki wakafuata.

Umati ukalivamia Shimo la Fahari, ukaanza kuyang'oa magogo moja baada ya jingine. Lango la mawe likatoa mlio, likainama. Nyegere akaja mbio, taji mkononi.

"Acheni! Acheni, litaanguka!"

Kakakuona alikuwa ameshika ncha ya gogo, binti yake ncha ya pili. Akasimama kuvuta pumzi.

"Mle ndani mna mtu, Mtukufu?"

"Hamna!"

"Basi liache lianguke. Kule kwetu mna watu."