Siku Nane za Mwamikazi

Boti ilikuwa imeshaacha mchanga wa Katonga nilipoona herufi zangu zinanitazama. Zilikuwa tano tu, nyekundu zenye ukingo mweupe, kwenye ubavu wa boti mpya ya Meshack iliyokaa juu ya magogo: MWAMI. Nne zilizobaki zilikuwa za chaki bado, na chaki mvua moja tu huifuta. Mwenye boti alikuwa ameingia majini hadi magotini, mikono kiunoni. Angetukana ingekuwa nafuu. Mimi nilikaa juu ya gunia la mihogo, ndoo yangu ya brashi katikati ya miguu, nikijifanya natafuta kitu ndani yake.

Miaka thelathini na ushei nimeandika majina kwenye boti za ziwa hili, kutoka Kagunga mpakani hadi Kirando. Shule niliisoma kwa vipande: la pili Kasulu, la tatu Uvinza kwenye chumvi, la nne sikulimaliza popote. Herufi nilizijua kwa kuziandika. Nimekimbia mengi maishani, lakini kazi katikati ya neno sikuwahi kuikimbia.

Mambo yalikuwa hivi. Meshack alipata boti na binti katika wiki moja, akasema wote wawili wataitwa Mwamikazi. Huku kwetu mwami ni mfalme, na mwamikazi ni malkia. Mama mkwe wake, Bibi Nizigiyimana, akakataa. Bibi huyu alikuja na mafungu ya Warundi waliovuka zamani, akamlea mkewe Meshack, Ella, hapahapa. Sasa alikuwa amejiandikisha kurudi kwao, na basi lake lilikuwa la Jumamosi. Kabla ya kuondoka alitaka kitu kimoja tu: siku ya nane, ambayo ilikuwa Ijumaa, ambebe mjukuu wake wa kwanza na kumtoa nje ya mlango, kama mama yake alivyomtolea Ella. Lakini kwa jina lile, alisema, mikono yake haitanyanyuka. Meshack naye akasema hana jina lingine. Basi mtoto alikaa ndani, pazia limeshushwa, na siku zikawa zinakwenda. Nilipopanda boti ilikuwa Alhamisi.

Mwalo wa samaki hauna mlango, na neno likiingia halitoki. Nilipokuwa nikiandika ubavuni mwa boti ile, kila aliyepita aliacha maoni yake kama mtu anavyoacha nyayo.

"Mwamikazi wa wapi? Wa dagaa?" alisema Marcelina, aliyekuwa akianika kwenye kichanja cha jirani. "Kesho atataka tumpigie magoti ndipo atuuzie chumvi."

"Wami walikwisha," akadakia mzee mmoja mshona nyavu. "Babu yangu alilima shamba la mwami bure, na bado akaambiwa jembe lake halina adabu. Leo nilitamke jina hilo asubuhi kabla ya chai?"

Feliksi katekista akasimamisha baiskeli. "Mfalme ni mmoja, naye yuko mbinguni."

Hapo Marcelina akageuka. Yule mama hakuwa na upande, alikuwa na ulimi. "Na Regina je, Mwalimu? Si wewe uliyetufundisha kwamba maana yake ni malkia? Kigango kizima kina akina Regina kumi na mmoja, na hata marehemu mama yake Meshack ni mmojawao. Mbona hukuwarudisha nyumbani?"

"Hilo ni jina la ubatizo."

"Kumbe. Malkia wa Kilatini hana neno, wa Kiha ndiye mwenye kiburi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, mpaka Marcelina aliponinyooshea kidole chenye magamba ya samaki. "Fundi, wewe umeandika majina mengi kuliko karani wa mahakama. Tuambie. Cheo ni jina la kumpa mtoto?"

Hata Meshack aliinua kichwa, na niliona machoni mwake kwamba angelishika neno langu, liwe lipi. Nikaosha brashi kwa petroli. Nikasema nimekumbuka kazi Sigunga. Boti ya abiria ya Castory ilikuwa inasukumwa, nikaipanda.

*

Tulipopita rasi ya Bangwe, Castory alimwachia mwenzake usukani akaja na daftari la abiria.

"Jina, Fundi?"

Swali hilo nimelijibu kwa namna nyingi. Kalya wananijua kwa Bonaventura. Kirando mimi ni Nehemia. Kila ufuko nilivaa jina kama mtu anavyoazima koti la mvua. Siku ile sijui ulimi ulinikosea nini.

"Mtwale," nikasema.

Castory akaacha kuandika. "Mtwale wa nini? Wa ndoo?"

Boti nzima ikacheka, na kicheko hicho nilikijua kwa sauti yake, kilikuwa kilekile cha darasa la pili. Mtwale alikuwa mkubwa aliye chini ya mwami, mwenye vijiji vyake na kiti chake. Mimi nilizaliwa mwaka ule vyeo hivyo vilipofutwa. Baba yangu hakuwa mtwale. Alikuwa mpagazi aliyebeba kiti cha mtwale kichwani miaka kumi na tisa, kila bwana yule aliposafiri, na siku alipoambiwa akitue, akanipa mimi jina la aliyekuwa akikikalia. Mwalimu alikuwa akiniuliza mbele ya darasa, "Mtwale, raia zako wako wapi?" kisha ananichapa mbele ya raia hao. Nilimwona baba kama mtu aliyetua mzigo akaugeuza, akaubwaga juu ya kichwa cha mwanawe. Nilitoka nyumbani nina miaka kumi na minne. Alipokufa nilipata habari, sikurudi kumzika.

Kando yangu alikaa bibi mmoja mwenye kuku kapuni, anakwenda kumsalimu binti yake. Nilikuja kujua anaitwa Verediana, mtu wa Heru Juu. Yeye hakucheka.

"Baba yako alikuwa mpagazi," akasema. Hakuuliza.

"Umejuaje, Bibi?"

"Kwetu wako watatu wa rika lako wenye jina hilo. Wote baba zao walibeba mizigo." Akamrudisha kuku kichwa ndani ya kapu. "Mtwale mwenyewe, mwanawe alimwita Petro."

"Petro?"

"Petro. Aliona upepo umegeuka. Vyeo vilikuwa vimeanza kunuka, kila mwenye nacho anakificha. Sasa kiti kimeachwa nje, mwenyewe kaondoka. Aliyekibeba miaka yote, asimkalishe mwanawe?" Akasogeza kapu. "Njoo upande huu, Mtwale. Huko utalowa."

Alilitamka kama mtu anavyomwita mtu mwenzake. Nikasogea. Maji yalikuwa yakipiga upande ule nilioacha, na mimi nikakaa mkavu, nikitazama nchi kavu ikipita, miaka yangu yote nikiipanga upya kama mtu aliyeambiwa nguo aliyoivaa tangu utoto alikuwa ameigeuza nje ndani. Nilidhani baba alinitwika. Haikunijia hata mara moja kwamba labda mtu yule, shingo yake imeingia mabegani kwa uzito, aliniokotea.

Ujiji tulisimama kupakia watu. Nikachukua ndoo yangu.

"Na Sigunga?" akauliza Castory.

"Sigunga haihami."

*

Bodaboda ilinishusha Katonga jua likiwa bado juu ya vichanja. Marcelina hakuinua kichwa. "Umerudi? Mwamikazi alikuwa akikulilia."

Nyumbani kwa Meshack, Bibi Nizigiyimana alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo kwenye mwimo wa mlango, kama mlinzi asiyejua analinda upande gani. Meshack aliniamkia shikamoo ya baridi. Nikaitika, nikakaa chini bila kukaribishwa, nikawasimulia kiti, Petro na jina langu. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jina hilo bila kuona haya.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho. "Fundi, hadithi yako ni nzuri, na baba yako Mungu amrehemu. Lakini mimi nimekimbia mara mbili. Mara zote mbili walikuja na orodha, na orodha ilianza na majina makubwa." Akanyoosha miguu. "Nizigiyimana maana yake nimemtumaini Mungu. Mama alizika wawili kabla yangu, majirani wakasema yao, na jina langu ndilo lililowajibu. Kwetu jina ni neno unalomwambia jirani. Sasa huyu mkwe wangu anawaambia nini majirani? Kwamba mtoto wetu wamweke juu ya orodha?"

Meshack alikuwa akitazama mikono yake. "Nawaambia wasimwite mwanangu 'wewe', Mama."

"Nani kamwita?"

"Bado. Mama yangu aliuza dagaa hapo chini miaka ishirini na sita. Kwa wanunuzi alikuwa 'wewe mwanamke', 'wewe wa beseni la bluu'. Jina lake nililisikia likitajwa kwa sauti mbele ya watu siku moja tu. Padri ndiye aliyelitaja, na mama mwenyewe alikuwa ndani ya sanduku. Huyu, hata atakayemtukana, nataka aanze kwa kumheshimu."

Kisha sauti ya Ella ikatoka nyuma ya pazia, ya mtu anayenyonyesha, haina haraka.

"Mama. Na wale walioandikwa chini ya orodha, walipona?"

Bibi alishika pindo la kitenge chake, akalikunja, akalikunjua.

"Hapana," akasema. "Baba yako alikuwa na jina dogo kabisa."

Baadaye, kama anayeongea na mkeka, akaongeza, "Jana nilikwenda bombani. Watoto wakaniuliza kama Mwamikazi ameamka. Nikangoja wacheke. Hawakucheka." Akanigeukia. "Siku saba mwalo mzima unalikataa jina hili, Fundi, na kila anayelikataa, kwa jina hilohilo anamwita. Limeshamzoea." Kisha akapaza sauti kuelekea ndani: "Ella, kesho maji yawe ya uvuguvugu. Si kama yale ya juzi."

Asubuhi ya Ijumaa tulisimama uani, watu kumi hivi, baadhi na harufu ya kazi mikononi. Pazia likafunguka. Bibi Nizigiyimana alivuka kizingiti kwa mguu wa kulia, mtoto mikononi, uso umefunuliwa. Jina alilinong'ona kwanza sikioni mwa mtoto. Halafu akatutazama mmoja mmoja, akalisema kwa sauti.

Marcelina alijifuta viganja kwenye khanga. "Karibu nje, Mwamikazi," akasema. "Jua ni la wote."

*

Mchana ule Meshack alikuja ufukoni akaniambia nizifute herufi tano. Nikazipiga msasa. Boti inaitwa Regina, kwa jina la mama yake. Pembeni chini, mahali ambapo mafundi huweka majina yao na mimi sikuwahi kuweka, nimeandika langu.

Bibi Nizigiyimana aliondoka Jumamosi. Anaishi Makamba kwa kaka yake, amelima maharage, na hupiga simu kila Jumapili baada ya misa. Meshack anavua. Injini ilimharibikia mara moja, ikatengenezwa. Ella ana kichanja chake. Feliksi alimwandika mtoto kwa jina la Frida kwenye daftari la ubatizo, na Mwamikazi akaliweka kwenye mabano. Mshona nyavu humwita Mjukuu. Marcelina amepata mjukuu wa kike, wamemwita Prinsesi, na hataki kusikia neno la mtu. Castory bado ananiita Mtwale wa Ndoo. Verediana, kwa habari za Castory, alishuka Sigunga, sijamwona tena.

Mimi nilikwenda Kasulu. Kaburi la baba lilikuwa limelimwa mihogo hadi ukingoni. Niliwaomba wenye shamba nafasi kidogo, wakanipa, nikasimika ubao wenye jina lake. Sasa niko Kirando, na mvua zikiisha nitapanda tena kaskazini.

Mwamikazi ana miaka miwili na miezi. Akiitwa, haitiki mpaka aitwe mara ya pili.