Majina Kumi ya Mwanzo

Mkuu wa chuo alichomoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha kwa kiganja. Mwalimu wa lugha ya Kijapani, aliyeketi safu ya mbele, aliutambua mwandiko wake mwenyewe hata kabla mkunjo wa mwisho haujafunguka.

"Leo programu yetu ya Masomo ya Asia ina wanafunzi mia mbili na kumi," mkuu alisema kwenye kipaza sauti. "Miaka tisa iliyopita walikuwa kumi tu. Masijala wamenifukulia orodha yao. Nitawasoma, kila mmoja apande achukue cheti cha kumbukumbu."

Ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu naye akapiga.

Kumi wapi! Walikuwa saba. Utaratibu wa chuo ulikuwa mkali: programu mpya isiyofikisha wanafunzi kumi kufikia Ijumaa ya pili ya muhula inafutwa. Ijumaa ile mwalimu alikaa na kalamu hadi saa tisa alasiri, kisha akaongeza watu watatu ambao hakuna mama aliyewazaa. Akawapa namba, akawawekea mahudhurio, na muhula ulipokwisha akaandika kwamba wameacha masomo.

"Mbona jasho linakutoka?" mumewe, aliyeketi kando yake, alimnong'oneza. "Au unaogopa keki ya sherehe haitatosha?"

Aliogopa, tena vibaya sana. Kazi ingekwenda, hilo moja. Lakini nani angeiamini tena programu iliyosimamishwa kwa uongo, na wale mia mbili na kumi wangepelekwa wapi?

Saba walipanda jukwaani kwa shangwe. Mkuu akasoma jina la nane. Hakuna aliyepanda. Akarudia.

Wale saba wakatazamana. Walikuwa wamesoma chumba kimoja chenye madawati manane. Walijuana mpaka rangi za soksi.

"Yuko safarini," alisema mkubwa wao, ambaye sasa ni mhadhiri wa historia ya Asia papo hapo chuoni. "Nitampokelea."

Likasomwa la tisa.

"Huyo anauguza," mwenzake akadakia. "Nipe mimi, nitamfikishia."

Basi wanajua, mwalimu aliwaza, na pengine wamejua siku nyingi. Badala ya kumpa nafuu, jambo hilo lilimtia hofu nyingine, mbaya kuliko ile ya kwanza. Hawa ndio aliowakaripia kwa kunakili sentensi moja ya mtu, na sasa walikuwa wanadanganya mchana kweupe kwa ajili yake, wala hawapepesi macho.

"Na huyu wa kumi?" mkuu aliuliza. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Nani anamfahamu?"

Msichana wa mwisho kwenye mstari alifungua mdomo. Mwalimu akasukuma kiti nyuma. Mumewe, asiyejua lolote, alimshika mkono.

"Keti, mke wangu. Watu wanakutazama."

Akauchomoa mkono taratibu.

"Namfahamu mimi," alisema, na ukumbi mzima ukamgeukia. "Hata wale wawili."

Akaanza kupanda ngazi za jukwaa.