Lori la Rumonge Halijaondoka

Mwavita alikuwa anachuja mawese uani kwake, katika mtaa wa Waswahili wa Rumonge, Burundi, Bahizire alipopiga hodi na kamera begani. Ulikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 1972. Kijana huyu alitoka Bukavu, na kamera yenyewe alikuwa ameiazima. Alisema ametumwa na njaa yake mwenyewe kutengeneza filamu.

"Ile ya kwanza bado banaicheka kule Uvira, mama," alisema. "Miye nafanya ya pili."

Ya kwanza ilitengenezwa na padri mmoja wa Kizungu mwaka wa uhuru, bendera mpya ikiwa bado na mikunjo ya kabatini. Siku zile Mwavita, pamoja na Feruzi mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani, na Hadji fundi cherehani, walikuwa wakilinda ufuko kwa fimbo, kwa sababu wezi walikuwa wanachukua nyavu na taa za wavuvi na serikali ilikuwa inashughulika na gwaride. Padri aliwapiga picha wakiwa wamesimama barabarani, mkono juu, na lori la wezi likasimama mbele yao. Ulikuwa mchezo tu, dereva alikanyaga breki. Lakini toka siku hiyo, wale watatu wakisimama pamoja na kuinua mkono, hakuna injini iliyowapita. Ilizimika, na haikuwaka tena mpaka wao wenyewe waseme "pita." Baiskeli zilipita kama kawaida. Madereva wa Bujumbura walizoea. Wakiwaona wale watatu wanavuka kwenda sokoni walipunguza mwendo, wakawasalimia na kuwaomba tafadhali wasinyooshe mikono hovyo.

Miaka kumi ilikuwa imepita. Magoti ya Hadji yalikuwa yanalia akipanda ngazi, Feruzi alikuwa na pumu, na jicho moja la Mwavita lilikuwa na ukungu. Bahizire alifurahi kuwaona hivyo.

"Mashujaa bazee," alisema. "Pale ndiyo kuko kicheko."

Hadithi yake ilikuwa fupi. Wezi wamerudi Rumonge, safari hii wanaiba watu badala ya nyavu, na wazee watatu wanatoka vitandani kwenda kuwaokoa. Pesa hazikuwepo. Bunduki zilichongwa kwa mashina ya makuti ya michikichi, damu ilikuwa mawese ya Mwavita, na lori aliazima kwa mfanyabiashara mmoja, likiwa na dereva wake, Lukeba. Waliotekwa mchezoni walikuwa vijana wa mtaa. Mmoja wao alikuwa Amissi, mtoto wa pekee wa Mwavita, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole ambaye mama yake alikuwa bado anamkatia kucha za mkono wa kulia kwa sababu mwenyewe alizikata vibaya.

Kanda ya picha ilikuwa kidogo, kwa hiyo walirudia mchezo bila kupiga picha, kila jioni, mpaka ukakaa mwilini. Lori linafika njia panda. Vijana wanaweka mikono kichwani, wanapanda upesi, wanakaa kimya. Amissi aliwapanga kwa filimbi ya shule. Kisha wazee wanatokea mbio, na kila mara walichelewa kwa ajili ya magoti ya Hadji.

"Mama, tulishakufa zamani!" Amissi alikuwa anapiga kelele kutoka juu ya lori. "Mukimbie!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mwishoni mwa Aprili waasi wa kuipinga serikali waliingia, wakaua watu pwani yote ya ziwa. Kisha jeshi likaja kuwaadhibu waasi, na kwa kuwa waasi walikuwa wameshakimbia, likawaadhibu waliobaki. Walianza na waliosoma. Amissi alikuwa amesoma.

Komine, serikali ya pale mjini, ilitangaza kwamba hali ni shwari, soko lifunguliwe, kila mtu aendelee na kazi yake. Watu wakaendelea, na hilo ndilo linalokera hadi leo, kwamba walitii. Bahizire naye alikuwa na deni la kamera ya mtu. Akawaambia vijana wakutane njia panda asubuhi, safari hii atapiga picha kweli.

Lori lilifika kwa wakati. Lilikuwa lile lile, na Lukeba alikuwa kwenye usukani. Jeshi lilikuwa limechukua malori yote ya wafanyabiashara, lakini hakuna aliyekuwa amewaambia vijana. Waliona lori lao, wakaona Lukeba wao, wakaona askari waliovaa vizuri kuliko walivyotegemea. Amissi akapuliza filimbi. Wakaweka mikono kichwani, wakapanda upesi, wakakaa kimya. Askari hawakuwa wamesema neno hata moja. Mmoja wao, muuza mikate aitwaye Sikujua, alimwambia askari mmoja kwamba kofia yake imekaa upande, itaharibu picha.

Bahizire alimwona Lukeba akilia, akaelewa. Alikimbia akipunga mikono. "Apana! Hii si yetu! Mushuke!" Askari wakampandisha naye, na kamera yake.

Wazee waliusikia ukelele huo, na siku hiyo hawakuchelewa. Hadji alikuja akiwa amebebwa mgongoni na Feruzi, Feruzi akihema kama mvukuto, na Mwavita mbele yao, kanga imefungwa kiunoni. Walisimama barabarani wakainua mkono, na injini ikazimika.

Luteni aliteremka. Alikuwa ameshasikia habari za wazee hao, kwa hiyo hakushangaa.

"Amahoro, mama," alisema, akimtakia amani kwa Kirundi. "Museme pita."

"Mushushe mutoto wangu kwanza."

"Iko amri, mama."

"Na miye niko mama yake. Washushe wote."

Lukeba aliwasha, akawasha tena. Askari walisukuma. Walifungua boneti wakatazama ndani, wakafunga. Jua lilikuwa limepanda. Mwavita alihesabu hilo kuwa ushindi, kwa maana lori likiwa hapo na mwanawe yuko hapo.

Luteni alitazama saa yake, akaagiza watu washuke. Mwavita alishusha pumzi. Kisha luteni akaagiza wajipange, mikono kichwani, waende kwa miguu mpaka kwenye michikichi.

Wazee watatu walikimbilia mbele ya mstari wakainua mikono. Uwezo wao ulikuwa wa injini. Watu wakawapita, huku na huku, kama baiskeli. Amissi alipofika karibu na mama yake alikuwa ameshaelewa. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Leo hamukuchelewa, mama," alisema, akaendelea kutembea. Mwavita akamshika shati. Askari akambandua vidole shatini kimoja kimoja, bila kumuumiza.

Milio ilisikika kabla ya adhuhuri.

Lori lilibaki barabarani. Jeshi liliweka askari wa kulilinda, kwani lilikuwa mali ya umma.

Ulipokaribia wakati wa arobaini, Mwavita alikwenda biro, ofisi ya komine, kuomba mwili, azike, asome hitima kama watu. Karani alikuwa kijana msafi, mwenye adabu. Alimpa kiti.

"Mwanao alichukuliwa na nini, mama?"

"Na lori. Lile la njia panda."

"Lile halijaondoka," alisema karani. "Kila mutu analiona pale. Sasa angepelekwa wapi?"

"Kama hakupelekwa, muniitie aje kula."

"Murakoze, mama," karani alimshukuru. "Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa mwanamke wa Nyanza-Lac, ambaye mumewe alichukuliwa kwa gari jingine kabisa, kwenye barabara nyingine. Naye akaambiwa lori la Rumonge halijaondoka. Mwingine alitoka Muhuta. Akaambiwa vilevile.

Mwavita aliwakuta Feruzi na Hadji nje, akawaeleza.

"Basi tuliachie liende," alisema Feruzi. "Tuone watasema nini."

"Tukiliachia watapakia wengine," alisema Hadji.

Walikaa ukingoni mwa barabara, mbele ya lori, wasiseme pita. Mwavita alikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa na pa kwenda. Alasiri, watu wa milimani walikuja kwa mstari, mikono kichwani, askari pembeni, wakielekea kwenye michikichi. Walilizunguka lori, wengine kushoto, wengine kulia. Walipowaona wazee wameketi, waliwaamkia kwa heshima, kila aliyepita.

"Amahoro, bazee."

"Amahoro," Mwavita aliwajibu, mmoja mmoja, mpaka wakaisha.