Kadi ya Kumi na Mbili

Pale ofisi ya kamusi walimwita Bi Kadi. Alitunza makabati matatu ya kadi za maneno ya Kiingereza kwa maandishi yake ya kizamani: musick, yaani muziki, cloathes, nguo, shew, kuonyesha. Kila kadi neno moja, maana yake, na sentensi iliyonakiliwa kutoka kitabu cha kale. Kutunga sentensi yako mwenyewe kulikuwa mwiko. Mmoja anaandika, mwingine anahakiki na kugonga muhuri. Kwa miaka ishirini mwandishi alikuwa mumewe, mhakiki yeye.

Mume alishafariki. Sasa mkurugenzi anataka chumba chenye makabati hayo.

"Mama, Ijumaa anakuja profesa. Akizikubali kadi, chuo kitazichukua. Akizikataa, jalalani."

Bi Kadi akaanza kuzipitia moja moja. Za mume wake hakutaka zitupwe. Mwandiko wa yule mtu haukubaki pengine popote. Akafika kwenye musick. "Kicheko cha mke wangu ni musick, hata akinicheka mimi." Chini yake jina la kitabu, ukurasa wa 214. Akakishusha kitabu chenyewe. Kilikuwa na kurasa tisini.

"Ala! Huyu mzee!"

Hadi Ijumaa alishapata kadi kumi na moja za kutungwa. Kwenye cloathes kulikuwa na mwanamke aliyewafanya watu wakodoe macho kwa gauni la kijani. Gauni hilo alilijua, lilikuwa likimbana kwapani. Na kila kadi ilikuwa na muhuri.

Angeweza kuzificha. Akazipanga mezani mbele ya profesa.

"Hizi zimetungwa."

"Muhuri wa nani?"

"Wangu."

"Hukuzisoma?"

"Za mume wangu? Nilimwamini, bwana. Nikazigonga tu."

Profesa akasema kumi na moja za uongo zinatia shaka zote elfu tisa. Akaaga. Mkurugenzi akapiga simu gari la taka lije, hata pole hakusema, na roho ilimuuma Bi Kadi hadi akakaa chini.

Kisha akainuka kumalizia droo ya mwisho, aliyokuwa hajaipitia. Kazi ni kazi. Humo akaikuta shew, ya mwezi ule mume alipolazwa hospitali.

"Nimshew vipi kwamba nampenda, na miaka yote hii anagonga muhuri bila kusoma?"

Akavaa miwani. Akaisoma polepole mara mbili, kama mhakiki anavyotakiwa.