Kola ya Mviringo

Mama ni fundi cherehani, na hatupi karatasi ovyo. Kalenda za zamani, mifuko ya saruji, hata kadi za harusi huzikata paterni za kupimia nguo, akazitoboa na kuzitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jumanne ile nilikuwa nimetoka kwa daktari. Aliniambia, nikiwa na miaka ishirini na sita, kwamba nina usonji. Nilitaka kumwambia Mama polepole, mikono yangu ikiwa na kazi. Mimi hutengeneza picha za vitambaa; ndivyo ninavyoweza kuongea. Nikachukua paterni ya kola ya mviringo, niitumie kukata kola ya msichana aliye kwenye picha yangu.

Nyuma ya paterni palikuwa na maandishi ya taipu, ya hospitali. Jina langu. Umri: miaka saba. Neno lile lile la daktari. Halafu, "Mtoto asilazimishwe ku", na hapo mkasi ulikuwa umepita.

"Mama, ulijua."

"Nilijua nini, mwanangu?" Cherehani iliendelea kukimbia.

Nikaiweka kola mbele ya sindano. Mguu wa Mama ukasimama kwenye pedali.

"Ungepewa majina," alisema mwishowe. "Shuleni, kwa shangazi zako. Nikaona afadhali waseme una maringo."

"Wewe ndiye uliyewaambia nina maringo."

"Na kola je? Wenzako walivaa zenye ncha. Yako nikaifanya mviringo, mishono nikaigeuza nje isikukwaruze. Nilikusikia, mwanangu."

"Uliisikia shingo yangu tu."

Akajaribu kucheka. "Siku hizi una mdomo."

Sikucheka. Nilizikumbuka sherehe zote nilizosukumwa katikati ya watu: jikaze, salimia, mtazame mtu machoni. Miaka kumi na tisa niliamini nina roho mbaya.

"Usiiharibu paterni hiyo tu," akasema kwa sauti ndogo. "Kuna mteja wa Ijumaa."

Nikavuta ukurasa wa kalenda, nikaichora kola upya kwa penseli, nikaikata, nikaitoboa, nikaitundika. Mama hapendi paterni iliyopinda hata kidogo. Haikupinda.

"Sehemu iliyobaki ya karatasi hii ya hospitali iko wapi?"

Alipekua msumarini kwa muda mrefu, kisha akanipa paterni ya mfuko wa shati, nayo ina taipu nyuma. Hakunitazama machoni. Sikumwambia anitazame.

Nikazilaza mbili hizo mezani, mstari kwa mstari. Hazikukutana. Katikati palikosekana ukanda wa upana wa vidole viwili.

Nilizikunja ndani ya kitambaa, nikatoka. Cherehani ilianza tena kabla sijafika barabarani.