Anwani Iliyochafuka

Jumanne asubuhi, Jemimah alipofungua duka la imeli la Umesh mjini Kisii, alimkuta Mwalimu Esnah ameketi kwenye benchi, theluji imemjaa kwenye kitambaa cha kichwa. Alimpa chai kwanza, maana mgeni hahojiwi kabla hajanywa kitu.

"Wamekukataa tena?"

"Hata mlango sikufika. Askari wa getini aliniuliza natokea anwani gani. Kumtajia tu, akanifungia."

Huyu alikuwa Esnah wa imeli. Esnah mwenyewe alikuwa shuleni Sironga, akifundisha darasa la tano. Kila imeli iliyokataliwa ng'ambo ilirudi hivyo, kama mtu mwenye sura ya mwandishi wake. Haron wa Marani alirudi mara nyingi hadi akapewa ufagio.

Kilichomkera Jemimah ni kwamba sababu aliijua. Umesh aliitumia seva ya duka, mashine ile ile iliyotuma barua za wateja, kuwarushia maelfu ya Wazungu matangazo ya vinyago vya mawe, watu ambao hawakuwahi kumwomba chochote. Anwani ya IP ya seva, namba inayoitambulisha mtandaoni, ikachafuka jina huko nje, na kila barua iliyotoka nayo, hata ya rambirambi, ikafungiwa. Sasa Umesh alikuwa amepata anwani ya pili, safi. Ilibaki kubadilisha mstari mmoja tu wa mpangilio wa seva, ili barua za wateja zitokee huko. Na chuo cha uuguzi cha Minnesota kilitaka jibu la Esnah kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi yake ya masomo iende.

"Bosi, nibadilishe?"

"Hiyo safi ni ya matangazo, Jemimah. Unataka nife njaa?"

"Na wateja je?"

"Si wanarudi salama? Waongezee benchi."

Ala! Umesh alipokwenda kula, Jemimah aliubadilisha mstari mwenyewe. Kabla hajatuma, stima ikapotea. Iliporudi, seva iliamka na mpangilio wa Umesh, na barua ya Esnah iliyokuwa ikingoja ikaondoka yenyewe kwa anwani ile chafu. Jemimah alitamani kuipiga mashine teke. Alijaribu tena Jumatano na Alhamisi, na kila mara stima ikapotea, barua ikatokea kule kule.

Ijumaa Esnah alikuja mwenyewe, chaki mikononi, akawakuta kina Esnah wa imeli wamebanana kwenye mabenchi. Aliwasalimia mmoja mmoja. Wa mwisho aliingia viatu vikichuruzika maji.

"Leo askari amenihurumia," alisema. "Ameniambia nafasi amepewa mwingine."

Esnah alilia kidogo, akawapeleka wote nyumbani. Jumatatu Mwalimu Mkuu Manasseh wa Sironga aliwagawia madarasa, kwa kuwa shule ilikuwa na upungufu wa walimu tangu zamani.

Siku hiyo hiyo likaja jibu la kwanza la matangazo. Lilitoka kwenye chuo kile cha uuguzi: walitaka bakuli la jiwe la kupamba mapokezi.

"Wajibu haraka," Umesh alisema, akisugua mikono. "Tumia ile safi."

Jemimah akawajibu, kisha akakaa akiutazama mlango mpaka jioni, aone kama barua hiyo nayo itarudishwa. Hakuna aliyerudi.