Mwano wa Bustani ya Tinde

Maganga aliingiza ng'ombe wake kumi na mmoja bustanini saa nane mchana, mbele ya macho yetu, rungu begani. Asije mtu akaniambia hakujua anafanya nini. Watoto wake mwenyewe walikuwa wakija pale kila Jumamosi na mama yao.

Bustani ile, kando ya barabara ya Tinde, ilikuwa ya watu wote. Mume wangu, Theonest, ndiye aliyeajiriwa kuitunza. Sisi tulitoka Ihangiro, upande wa Bukoba. Kila Jumamosi aliwapitisha watoto na wazazi wao mti kwa mti: huu mninga, huu mgunga, na huu mnyaa, utomvu wake unapofua macho, usiguse. Aliwafundisha kwa Kiswahili, maana Kisukuma kilimshinda kabisa. Watoto walimcheka, naye akacheka nao. Walimwita Mwalimu wa Miti.

Mwaka ule wa 1949 mvua ilitukimbia. Malambo yalikauka, ng'ombe wakawa wanafia njiani. Kijani kilibaki bustanini tu, kwa sababu Theonest aliimwagilia kwa ndoo, maji ya kisima. Wanaosema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, hawajaona ng'ombe kumi na mmoja wenye njaa juu ya miche.

"Mzee Maganga, watoe," Theonest alimwambia. "Hii ni ya watoto."

"Wanangu wanakunywa maziwa, Mwalimu. Hawanywi majina ya miti."

Theonest akamshika pembe ng'ombe wa mbele ili amgeuze. Rungu likamshukia begani, kisha kichwani. Akaanguka kwenye miche. Maganga akampiga teke la mbavu, akainua rungu tena. Mimi nilikuwa na mwanetu Zipora mgongoni. Nikapiga mwano.

Majirani walikuwa wamenifundisha. Mwano ni yowe la Kisukuma la hatari: ukilisikia unaacha jembe, unabeba silaha, unakimbia. Wezi wengi wa ng'ombe wamekufa kwa yowe hilo. Siku ile lilinitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Ng'ambo ya mto mkavu mtu akalipokea, na mwingine mbali zaidi. Maganga akanitazama kwa hofu, akatupa rungu, akatimua mbio kwenda kwake. Nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi sana.

Theonest akainuka, damu ikimwingia machoni. Nilimsihi akae. Hasira ile sikuwahi kuiona kwake. Akaokota rungu la Maganga, akawaswaga ng'ombe nje huku akiwachapa ovyo, hadi barabarani. Alitaka awafikishe kwa mtemi.

Hapo ndipo watu wakatokea, ishirini au zaidi, kutoka vijiji vya mbali ambako hakuna aliyewahi kufika bustanini. Walikuwa na mikuki, mashoka na marungu. Wakaona nini? Mgeni mwenye damu shatini, rungu mkononi, anaswaga ng'ombe mbio, na mwano bado unapokelewa kila upande.

"Ng'ombe hizi za nani?" mmoja akauliza.

"Si zangu!" akajibu Theonest, mtu asiyejua kusema uongo. "Nawatoa tu!"

"Ng'wibi!" wakapaza sauti. Mwizi.

Wakamvamia. Rungu la kwanza lilivunja mkono aliouinua, na shoka likafuata. Nilikimbia nikipiga kelele kwa Kihaya, lugha pekee iliyonijia kinywani, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi, kana kwamba nawahimiza. Mwanamume mmoja akanisogeza kando kwa upole. "Mama, usiangalie," akaniambia. Nilimng'ata mkono hadi nikaonja damu yake.

Jirani yetu Mihayo alifika akihema. Akapenya katikati yao, akatazama chini, akapiga magoti.

"Huyu ni Mwalimu wa Miti," akasema. "Mmemuua Mwalimu."

Marungu yakashuka. Kiongozi wao, mzee wa mvi, akasogea mbele. Kwa desturi yao, aliyepiga mwano lazima ajitokeze aseme sababu.

"Nani alipiga mwano?" akauliza.

Wakaanza kutazamana.

"Mimi," nikasema. "Nilitaka mje mumwokoe."